Kiti Kilichotazama Dirisha

Mimi ni mtu wa kushuku. Hata nikipewa zawadi, huiangalia chini kwanza. Kwa hiyo siku niliyokuta kitambaa cha kiti cha baba kimekunjamana, sikusingizia upepo.

Tulikaa mtaa wa Mbotela, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: mama, mdogo wangu na mimi. Baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Makochi mengine tuliyarukia tutakavyo, lakini kiti chake, kile kilichotazama dirisha, hakuna aliyekigusa. Hata baba mdogo akija kutoka mtaa wa Tena alikaa kwenye kochi. Enzi za baba, chai ilianzia kwenye kile kiti. Kila mara aliionja, akakunja uso, akasema haina sukari, hata tungemmiminia kilo nzima. Mama alikunywa yake mwisho, kwenye kigoda kando ya jiko.

Kila Jumamosi nilifua vitambaa vya makochi, nikavitia uji mwepesi wa unga wa ngano na kuvianika mpaka vikawa vigumu kama kadibodi. Kitambaa cha namna hiyo hakifichi kitu. Ukikiegemea, mkunjo unabaki. Na kile cha baba kilikuwa na mkunjo mahali pa kichwa.

Nilimshika mdogo wangu shati.

"Umekalia kiti cha baba?"

"Zii! Kwani nataka kuchapwa?"

Nilimwamini. Alikuwa mwoga, na tena ule mkunjo ulikuwa juu kuliko kichwa chake.

Basi alikuwa mtu mzima. Mtu mzima nyumbani kwetu alikuwa mama peke yake, na yeye sikumhesabu kabisa. Nikajua kuna mwanaume anayekuja tukiwa shuleni. Nilianza kumchunguza mama kama askari wa kanjo anayemvizia mchuuzi. Mbona ameacha kitambaa cheusi cha kichwa? Mbona amesuka nywele? Mbona anaimba akisugua sufuria? Kikombe kikubwa cha baba, kilichowekwa nyuma kabisa ya kabati, nilikikuta kimeloa. Jirani mmoja alikuwa akimsalimia mama kwa tabasamu lililozidi kipimo, nikaacha kumwamkia. Nilimwona akilini akitundika koti lake kwenye msumari wa baba, na sisi wawili tukipakiwa kwenye basi la kwenda magharibi kulelewa na nyanya. Niliogopa sana, na woga wangu ulitoka kama jeuri. Mama akiniuliza kitu, namjibu nikitazama ukuta.

Siku moja maji yalikatika shuleni, tukaambiwa twende nyumbani. Nilikuta mlango umerudishwa tu. Nikavua viatu nje, nikanyata, kisha nikausukuma kwa nguvu ili nimfumanie.

Mama alikuwa kwenye kiti cha baba, peke yake. Miguu ameinyoosha, kikombe cha baba mkononi, anatazama dirishani. Hata hivyo nilichungulia nyuma ya pazia.

"Unatafuta nani?" akauliza.

"Huyo mwanaume."

Alicheka mpaka chai ikamwagikia gauni.

"Mwanaume gani? Ni mimi! Magoti yameniuma kwenye hicho kigoda miaka yote, mwanangu. Siku moja nikajiuliza, hiki kiti kinamngoja nani?"

Ningepaswa kufurahi, lakini sikufurahi. Mwanaume ningemnunia mpaka ahame. Huyu mama mpya ningemhamishaje? Nilimtaka yule wa zamani. Nikajitupa kwenye kigoda chake kwa hasira, mikono mashavuni. Kutoka pale chini dirisha halikuonekana. Niliona jiko, ukuta uliopakwa moshi na miguu ya makochi. Hivyo ndivyo mama alivyoiona nyumba yetu tangu aolewe. Nilikaa pale kwa muda, nikasahau nilichokuwa nimenunia.

Jumapili baba mdogo alikuja baada ya kanisa. Alimkuta mama kwenye kile kiti, na mama hakuinuka. Baba mdogo akakohoa.

"Shemeji, hapo ni pa marehemu."

"Ndiyo. Na marehemu ameshaenda," mama akajibu. Sauti ilikuwa tulivu, lakini vidole vyake vilikuwa vimeukamata mkono wa kiti.

Wote wawili wakanigeukia mimi, niliyesimama na trei. Kwetu mwanaume ndiye aliyepewa chai kwanza, na baba mdogo alikuwa tayari amenyoosha mkono. Nikampita, nikampa mama kikombe kikubwa.

Mama akaonja. Akakunja uso.

"Haina sukari," akasema.

Nilikimbilia bakuli la sukari nikicheka huku machozi yakinitoka.