Sensa Aliyoihamisha Shemeji

Mimi na shemeji yangu tumeoa nyumba moja. Mke wangu ni dada mkubwa, wake ndiye anayemfuata, kwa hiyo kwa taratibu zote ninazozijua mimi ndiye mkwe wa kwanza, na nikifika Matulo, kwa wakwe zetu, napewa kiti chenye mto. Wakati huo nilifundisha sekondari mjini Kitale na shahada yangu niliitundika sebuleni. Yeye aliishia darasa la saba, akafungua gereji Bungoma chini ya mabati machache. Hata hivyo, baba mkwe wetu aliniuliza mimi habari za shule, kwa heshima, kisha akamgeukia yeye kuuliza habari za kila kitu kingine.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilinunua gari. Lilikuwa limetumika Japani, refu, jeupe, la silinda sita, na kitabu chake chote kiliandikwa Kijapani. Nilikiweka juu ya dashibodi ili kionekane. Dada mdogo wa wake zetu alikuwa anakaribia kuolewa kanisani Bungoma, na mzee akatamka mbele ya wote kwamba bi harusi atabebwa na gari la mwalimu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemzidi fundi, na nilikuwa na wiki sita za kuifurahia hali hiyo.

Nilifurahia mbili. Ya tatu gari likalegea. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, lakini mlimani lilihema kama mtu aliyetoka kushiba akaambiwa akimbie. Kilima cha kuingia kwa mkwe tulikipanda kwa mwendo wa maiti, mzee amesimama uani akitutazama tangu chini mpaka juu.

"Mwalimu," alisema nilipozima injini, "binti yangu hatasukumwa siku ya harusi yake. Mpelekee shemeji yako aliangalie."

Nililipeleka kwanza kwa watu wengine wawili Kitale, kwa sababu ambayo msomaji ameshaielewa. Hawakuona kitu. Nikaenda Bungoma.

Shemeji aliinama chini ya dashibodi, akatafuta kompyuta ya gari, akakaa akihesabu jinsi kitaa chake kidogo kilivyokonyeza. Akainuka akijifuta mikono.

"Ni sensa ya noki, shemeji. Imekufa."

Alinieleza taratibu, jinsi mimi ninavyowaeleza wanafunzi wa nyuma. Ni kidude kidogo kinachosikiliza injini. Injini ikianza kugonga, kinaiambia kompyuta, nayo inapunguza ukali. Kikifa, kompyuta haisikii kitu, inaogopa, inalegeza injini wakati wote.

"Iko wapi?"

"Waliificha. Iko chini ya manifoldi, haya mabomba ya kuingizia hewa, katikati kabisa. Kuifikia ni kung'oa yote haya ya juu, na nikipasua gasketi, hapa Bungoma sina nyingine. Harusi itatupata hapa hapa."

"Kwa hivyo?"

"Ile iliyokufa tuiache ilale. Mpya tutaifunga hapa juu." Alinionyesha tundu la bolti lililokuwa tupu, mahali hata mtoto angefika.

"Kiwanda kiliiweka kule kwa sababu," nilisema.

"Ndio. Lakini hakikujua kuna Bungoma."

Mafundi wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikiwa nimechelewa kidogo.

"Si una kitabu, mwalimu? Kinasema aje?"

Nilikifungua, nikazitazama picha kwa makini. "Hakijakataza," nilisema.

Sensa ililetwa na basi kutoka Nairobi. Alikwangua pale pa kuifunga mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu, alisema, hata karatasi ikiwa katikati haisikii. Waya alitumia ule wa erio ya televisheni, wenye koti la nyuzi ndani, ili moto wa plagi usiisumbue. Kisha akaiunganisha na kipimo chake, akaigonga injini pembeni kwa spana, mara moja, kama daktari anayegonga goti, na mshale wa kipimo ukaruka. Nilitamani usiruke. Lilikuwa gari langu, na nilitamani usiruke.

Tukirudi Kitale liliparamia milima yote. "Huyu mtu anajua kazi," alisema mke wangu tulipopita Misikhu. Kufika Kiminini alikuwa amelisema mara nne. Siku chache baadaye habari zikaja kutoka Matulo kwamba gari alilolifufua fundi liko tayari kumbeba bi harusi. Gari la mwalimu halikutajwa tena.

Jumamosi ya mkutano wa mwisho wa harusi, mke wangu akiwa bado ndani anatafuta kitambaa chake, nilifungua boneti. Nilibonyeza kibanio cha plastiki kwa kidole gumba, nikachomoa kichwa cha waya kutoka kwenye sensa, nikafunga boneti. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Mpango wangu ulikuwa huu: gari lilegee mlimani kwa mkwe, watu waone kazi ya fundi ilivyo, kisha mimi nitoke na kitabu cha Kijapani, niiname dakika kumi, nikirudishe kile kichwa, na niwe mkwe aliyelitengeneza kwa elimu. Nina aibu kusema kwamba sikuona kasoro yoyote katika mpango huo.

Gari lililegea vizuri sana. Tulipanda kilima huku watoto wakitupita kwa miguu. Uani ukoo mzima ulikuwa umekaa kwenye viti, na kabla sijachukua kitabu changu, shemeji alikuwa ameshafika, amefungua boneti.

Aliona mara moja. Kile kichwa cha waya hakitoki chenyewe, nilijua na yeye alijua. Lazima kidole kibonyeze. Aliinua macho akanitazama, bila hasira, kwa muda ambao bado naupima. Pale kiwanda kilipoificha sensa, mkono wangu usingeifikia hata ungetaka. Ni yeye aliyeileta karibu nami.

"Ni nini?" mzee aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Ni kosa langu, baba." Alikibana kichwa mahali pake kikalia *tak*. "Sikukaza hapa. Nilikuwa na haraka."

Mzee akatikisa kichwa akiwageukia wageni. "Mnasikia? Fundi anayekubali kosa lake mbele ya watu. Mmeona wangapi?"

Hawakuwa wamemwona hata mmoja. Walikubaliana juu ya hilo kwa sauti. Nilikaa kwenye kiti chenye mto nikasikiliza.

Kisha mzee akatoa uamuzi. Gari litakuwa la mwalimu, lakini usukani atashika fundi, ili kama kuna kitu kitachomoka, mtu wa kukirudisha awe karibu. Aliusema kwa wema. Shemeji aliangalia chini.

Siku ya harusi niliendesha pikapu yake, nimebeba sufuria na viti vya kanisa, nikilifuata gari langu jeupe lililofungwa riboni. Lilikwenda kama maji. Njia nzima nilitafuta ubovu wa ile pikapu, nikapata mmoja tu: mlango wangu ulihitaji kubamizwa mara mbili.

Alinirudishia funguo jioni, akaniambia asante, mwalimu. Kesho yake, nyumbani Kitale, nilifungua boneti. Kile kichwa cha waya kilikuwa kimefungwa kwenye sensa kwa waya mwembamba, uliozungushwa mara nyingi na kusokotwa ncha. Kidole kisingeweza kuufungua. Ungehitaji koleo.

"Kuna nini?" mke wangu aliuliza kutoka mlangoni.

"Shemeji amefunga waya wa sensa, usitoke tena."

"Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Ni mtu mwangalifu," alisema.

Nikakubali. Nilichungulia tena, nikitafuta mahali alipokosea, na ncha zilikuwa zimekunjwa ndani ili zisinichome.