Vitufe vya Papa

Kabla madaktari hawajampasua Papa, baba yangu, koo na kumwacha bila sauti, nilimkalisha mbele ya kompyuta nikarekodi sauti yake. Alikuwa mwalimu hapa mtaani Mangobo, mtu wa kufoka, na wazo la kunyamaza kwake lilinitisha. Kisha nikatengeneza programu ndogo: vitufe kwenye skrini, ukibonyeza kimoja, sauti yake inatoka. "Ndiyo." "Hapana." "Funga mulango!" Nilijiona fundi kweli.

Baada ya upasuaji ikafika siku ya mahari yangu. Papa hakuwahi kumpenda mchumba wangu. Tangu akiwa na sauti alimsalimu nusunusu. Hata hivyo, alikubali wageni waje. Walipanda mto kutoka Yanonge, wakajaa sebuleni, nami nikafichwa chumbani, nyuma ya pazia, hadi nitakapoitwa. Kaka yangu ndiye angebonyeza.

Tonton wa mchumba wangu, mjomba aliyewasemea wageni, akakataa katakata.

"Bon, hiyo mashini kila mutu anaweza kufinya. Tunataka papa mwenyewe atujibu."

Nikasikia kompyuta inawekwa mapajani pa Papa. Vidole vyake vilitetemeka tangu atoke hospitali, na mimi, mjinga, nilikuwa nimevipanga vitufe kwa alfabeti: Nakataa, Nakubali, vimebanana.

"Alors, papa, unatupatia mutoto?"

Halafu ile sauti nzito ya darasani:

"Nakataa."

Niling'ang'ania pazia kwa mikono miwili. Kiti kikakwaruza sakafu, mtu alikuwa anainuka. Nilimchukia Papa, nikaichukia programu yangu, nikajichukia mwenyewe kuliko vyote.

"Nakubali," ikasema kompyuta. Kisha tena: "Nakubali."

Mama akacheka kwa nguvu, akasema mkono wa mgonjwa umeteleza. Wageni wakacheka pia, vigelegele vikapigwa, nikaitwa nje. Papa alikuwa anatazama skrini, hakunitazama mimi.

Kesho yake nilivitenganisha vile vitufe viwili. Sasa ni mwaka wa pili niko kwenye ndoa, na mume wangu si mtu mbaya. Nikienda kumsalimia Papa, tunakaa na kompyuta katikati yetu, na swali linaniwasha ulimi: mkono uliteleza kweli? Ndiyo na Hapana viko pale juu ya skrini, angenijibu kwa kidole kimoja. Ndiyo maana siulizi.