Turubai Juu ya Mashine ya Wifi

Mume wangu mtaa mzima unamwita Kufuli, na jina hilo hakuliokota barabarani, alilitolea jasho. Mlango wa karakana una kufuli, kabati la vifaa lina kufuli, na hata kisanduku cha misumari, misumari jamani, nacho kina kufuli. Ukimuuliza biashara inaendaje, atakujibu, "Tunasukuma." Ukimuuliza leo ameuza ngapi, "Tunasukuma tu." Siku moja daktari alimuuliza kinachomuuma, akatazama kwanza kulia na kushoto ndipo akajibu. Nilicheka mpaka nikaambiwa nisubiri nje.

Kampuni yetu ni ndogo. Tunatengeneza mashine za kutotolesha vifaranga: sanduku la plaiwudi, trei za mayai, balbu za kutia joto, feni ndogo ya kuzungusha hewa, na kidirisha cha kuchungulia kipimajoto. Yeye ndiye bosi, mimi nakaa kaunta, na matusi ya wateja yote yanapita kwangu kwanza.

Lakini nisimwonee. Hakuzaliwa hivyo. Nilipoolewa naye alikuwa mtu wa kufungua kinywa, ukimgusa tu anakueleza mashine yake kuanzia msumari wa kwanza. Akaja bwana mmoja wa viatu laini na maneno laini, akamsifu, akanywa chai yangu, akauliza hiki na kile, akasema yote yatabaki baina yao. Baadaye tukakuta mashine yetu inauzwa sokoni kwa jina la mtu mwingine. Kile kidirisha, ambacho mume wangu alikuwa amekikata upande kwa bahati mbaya, kule sokoni nacho kilikuwa upande vilevile! Nilitaka kucheka, lakini nilipomwona mwenzangu ameshika tama, kicheko kikaniishia kooni. Tangu siku hiyo akaanza kununua makufuli.

Mtu mmoja tu alibaki anajua kila kitu cha karakana ile, naye ni wifi yangu, mdogo wake wa tumbo moja. Alitoka chuo cha ufundi akaja kwetu kushikilia kazi kwa muda, akanogewa, akabaki. Walikuwa wanafanya kazi wawili wale utafikiri wana mikono minne na kichwa kimoja. Kaka mtu akinyoosha mkono, dada mtu ameshampa bisibisi. Wakigombana wanagombana kwa kuimba nyimbo za kukomoana, kisha ukigeuka wanacheka.

Sasa, adui yetu alikuwa kukatika kwa umeme. Umeme ukikatika joto linashuka, na kifaranga anafia ndani ya yai. Wateja walikuwa wanarudi na trei zinanuka, wanazibwaga pale kaunta, halafu mimi ndiye tapeli. Wifi akaumiza kichwa juu ya jambo hilo hadi akaja na nta. Alichanganya nta na mafuta, akaifunga kwenye pakiti za plastiki, akazipanga ndani ya kuta za mashine. Nta inayeyuka wakati umeme upo, na umeme ukienda inaanza kuganda polepole, na kadiri inavyoganda inalirudisha lile joto. Mara ya kwanza umeme ulikatika asubuhi ukarudi jioni, na vifaranga vikatoka vizima, vinalia. Mume wangu alimbeba dada yake juujuu kama mtoto.

Basi, furaha hiyo haikukaa. Baada ya kutumika kwa muda, pakiti zilianza kuchoka. Mafuta yanajitenga na nta, leo zinashika joto, kesho hazishiki, na kwa nini, wifi hakujua. Alijaribu hivi, akajaribu vile.

"Wifi, hapa nimegota," aliniambia. "Hii sasa inataka maabara. Inataka mtu wa kemia."

Ndipo ikatangazwa redioni kwamba watu wa wizara watapita kampuni kwa kampuni, kubwa na ndogo, kukusanya taarifa: mnatengeneza nini, nani anabuni, na mmekwama wapi. Kisha kila kampuni iliyokwama ingeunganishwa na watafiti wa chuo wanaolijua tatizo lake, na serikali ingesaidia gharama. Loo! Wifi aliruka. Akaanza kufanya mazoezi ya kujieleza, mimi ndiye afisa. Nikawa namtania, "Je, vifaranga vyenu vina vitambulisho?" Naye anajibu kwa uso mkavu, "Vinaomba muda kidogo, mheshimiwa, havijaota manyoya."

Kufuli alikuwa amekaa pembeni, hacheki.

"Serikali haiulizi swali la bure," akasema. "Leo mnatengeneza nini, kesho kodi, keshokutwa kila mwenye msumeno anayo nta ya dada yangu."

"Wamesema taarifa zitakuwa siri," nikamwambia.

"Hata yule wa viatu laini alisema."

Nikadhani ni maneno tu, yatapita.

Siku yenyewe wifi alikuja amevaa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi ikanyooka. Aliingia nyuma kunawa mikono. Jirani yetu, seremala wa milango, akachungulia, "Wametoka kwangu, wanakuja kwenu." Ala! Mume wangu aliruka pale alipo, akavuta turubai, akaifunika mashine ya nta gubigubi, na juu yake akatupia magunia. Wifi alipotoka ndani afisa alikuwa ameshaingia, binti mmoja mpole ameshika kishikwambi.

"Karibu, karibu sana," Kufuli akasema, sauti imejaa asali.

"Ahsante, mzee. Kampuni yenu inatengeneza nini?"

"Masanduku."

"Masanduku ya nini?"

"Ya kuwekea vitu."

Na vile vifaranga visivyo na adabu vikachagua wakati huohuo kuanza kulia chini ya turubai. Afisa akainua uso.

"Nasikia kama vifaranga."

"Vya jirani hivyo."

Jirani seremala wa milango! Niliinamisha kichwa kwenye kaunta nisionekane. Mpaka hapo, nasema kweli, nilikuwa bado nacheka.

"Na ubunifu wa bidhaa zenu unafanywa na nani?" afisa akauliza.

"Ubunifu gani, mwanangu? Tunaiga tu vya sokoni."

Yeye, aliyeibiwa mpaka kidirisha, ndiye aliyesema hivyo. Wifi hakuvumilia. Akasogea mbele. "Samahani kaka, labda mimi nieleze..."

Afisa akamgeukia. "Na wewe dada, ni nani hapa?"

Kabla hajafungua kinywa, kaka yake akadakia, "Huyu? Huyu ni wa usafi. Anatufagilia."

Nikataka kupasuka, maana mimi mdomo wangu hauna breki, lakini wifi akanitazama akatikisa kichwa, kwamba niache. Alilelewa kutomwaibisha kaka yake mbele ya mgeni. Akamwangalia mume wangu, akaenda kwenye kona, akachukua ufagio, akaanza kufagia. Na ile blauzi yake. Alianzia mlangoni, akazunguka meza ya randa, akapita kando ya turubai, hakuinua uso. Afisa akaendelea kuuliza kama kuna tatizo lolote la kiufundi ambalo tungependa kusaidiwa, mume wangu akajibu, "Hatuna, tunashukuru." Binti wa watu akaaga, akavuka rundo la unga wa mbao, akasema, "Pole na kazi, dada."

"Ahsante," wifi akajibu.

Afisa alipokwisha kuondoka, Kufuli akafunua turubai akicheka, akidhani amecheza mchezo wa akili. "Umeona nilivyomkwepa? Wewe ndiye siri yangu, mdogo wangu. Siwezi kukuanika."

"Kaka, mimi sitaki kuwa siri ya mtu," wifi akasema. "Nilikuwa nasubiri siku moja uniseme mbele ya watu." Akautegemeza ufagio kwenye meza yake, akatoka.

Hata hapo palikuwa na nafasi. Narudia, nafasi ilikuwepo, na ndiyo inayoniuma. Mwisho wa barabara yetu kuna kampuni inayotengeneza masanduku ya kusafirishia chanjo. Wao walimweleza afisa kila kitu, mpaka aibu zao. Wakaunganishwa na watafiti wa chuo, na kumbe wale watafiti nao walikuwa wanahangaika na nta hiyohiyo, ya kushika ubaridi badala ya joto. Wakatafuta mtu aliyewahi kuishika kwa mikono. Mwenye kampuni alimfahamu wifi, maana wifi alikuwa ananunua kwake zile pakiti za plastiki. Akamwita.

Wifi hakukubali papo hapo. Alikuja kwa kaka yake, akasimama mbele yake na mikono nyuma.

"Kaka, nimeitwa kule chini. Nikatae?"

Neno moja tu. Angesema "kaa," angekaa, namjua wifi yangu. Lakini Kufuli alisikia kampuni nyingine imetajwa, damu ikampanda.

"Nenda," akasema. "Mfagiaji hakosekani."

Baadaye aliniapia kwamba alikuwa anatania. Nikamwambia utani wa hivyo akautanie ukuta. Wifi alifungua droo yake, akachukua kipimajoto chake, akaniaga mimi, akamuaga na kaka yake kwa heshima zote, akaenda.

Ile mashine haikupata mtu wa kuiendeleza. Pakiti zilichoka zote, na tukarudi kwenye trei zinazonuka. Hatukufa njaa, la hasha. Tunasukuma. Ila karakana ilinyamaza. Hakuna anayeimba nyimbo za kumkomoa mtu. Mume wangu ananyoosha mkono apewe bisibisi, kisha anakumbuka, anaurudisha. Nilileta mtu wa kutufanyia usafi, Kufuli akampokonya ufagio. Tangu hapo anafagia mwenyewe kila asubuhi, na nisiguse.

Wifi anatutembelea, wala hana kinyongo cha kuonekana. Anawaletea wanetu zawadi, anamsalimia, "Shikamoo kaka," anakula nasi. Lakini karakana hakanyagi. Anaishia kizingitini.

"Ingia basi uione feni mpya," kaka yake humbembeleza.

"Nitaingia siku nyingine, kaka."

Siku moja tukiwa wawili, mume wangu aliniambia, "Mke wangu, nilikosea. Naumia."

"Siyo mimi wa kuambiwa."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Hata samahani aliitia kufuli.

Mwaka huu redio ikatangaza tena: watu wa wizara wanapita mara ya pili kuhakiki taarifa. Mume wangu alipiga rangi ukuta. Akaosha turubai, akaikunja, akaiweka juu ya kabati. Akafungua kila kilichokuwa kimefungwa, mpaka kisanduku cha misumari, nikamuuliza kama wizara inakuja kuhesabu misumari. Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu sijui lini.

Akaja binti yuleyule. Kufuli hakumsubiri aulize. Akamwonyesha mashine, akatoa pakiti za nta zilizokufa, akaeleza zilivyoanza, zilivyochoka, mahali tulipokwama. Aliongea hadi jasho likamtoka. Afisa alikuwa anaandika, anatabasamu.

"Hiki ndicho tunachokitafuta, mzee. Na mbunifu ni nani?"

"Dada yangu." Akataja jina lake lote, la kwanza, la baba na la babu, kwa sauti iliyofika kwa seremala.

Afisa akaandika, akasubiri, akakunja uso. "Huyu tunaye, mzee. Ameandikwa kampuni ya masanduku ya chanjo, ndiye mbunifu wao mkuu. Hatuwezi kumwandika kwako pia. Hapa kuna mwingine anayeifahamu kazi hii?"

Mume wangu alinitazama. Mimi nitasema nini, mtu wa kaunta?

"Hakuna," akasema.

Binti alimwonea huruma, ilionekana. Akarudi kwenye taarifa za mwanzo, labda apate pa kushikia. "Mara ile ulinitajia watu watatu. Wewe, mama wa kaunta, na dada wa usafi. Huyo wa usafi bado yupo?"

Macho ya Kufuli yakajaa maji palepale mbele ya mgeni.

"Ndiye huyohuyo niliyekutajia sasa hivi," akasema.

Afisa alimtazama, akanitazama na mimi. Nadhani aliikumbuka blauzi nyeupe. Akafunika kishikwambi chake taratibu, akaaga, akatoka.

Mimi niliingiza mkono mfukoni mwa mume wangu, nikatoa simu yake, nikapiga namba ya wifi, nikaweka spika, nikamsogezea mdomoni. Sikumpa nafasi ya kutafuta ufunguo.

"Mdogo wangu," akaanza, "leo wamekuja wale watu. Nimewaambia mashine ni yako. Nimekutaja jina lako lote. Nisamehe."

Kule upande wa pili kulisikika vyombo vya kazi vinagongana, kisha vikanyamaza.

"Ahsante, kaka. Nimekusamehe siku nyingi," wifi akasema. "Ila ningefurahi sana ungenitaja siku ile."

Kisha akauliza kama mtoto wetu wa mwisho amepona kikohozi, na kaka yake akamjibu kwamba amepona.