Mzee Mimi

Mjomba wangu amechoka kuwa watu wengine. Mmisionari aliyemfundisha ukalimani alimkataza kusema "anasema hivi, anasema vile". Mhubiri akisema "mimi", nawe sema "mimi". Basi tangu ujana mjomba amesimama mbele ya kanisa akitangaza kwamba yeye alizaliwa kwenye theluji, kwamba yeye alikuwa mlevi chakari, na Jumapili moja kwamba yeye amefiwa na mke, huku mkewe ameketi benchi la mbele akijipepea. Watoto wa mtaani wakambatiza Mzee Mimi. Sasa sauti imekwisha na magoti yamekwisha, lakini kila mgeni akishuka garini na begi lake, anaitwa yeye. Mtu asiniambie kwamba kusema si kazi.

Mgeni wa sasa ni mmisionari mwanamke. Tunamwita Bi Shikamoo, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolishika kwanza, na analigawa kwa kila mtu, hata watoto wa chekechea. Hana baya. Anataka kujua tunavyoishi, na anakusanya historia ya misheni kutoka kwa wazee walioiona ikianza. Wazee hao wamebaki wa kuhesabu kwa vidole. Mmoja ni bibi yangu, mama yake mjomba.

Hapo ndipo penye kidonda. Mjomba aliachwa misheni akiwa mtoto wa miaka sita. Ndugu zake, mama yangu akiwemo, walikulia nyumbani. Kwa nini yeye? Kila alipouliza, bibi alikumbuka ana chungu motoni. Sisi wengine tulijitungia kwamba ilikuwa njaa, tukaridhika. Mjomba hakuridhika. Amezeeka akilingoja jibu hilo, na aliniambia wazi kwamba anaogopa bibi atakwenda nalo kaburini.

Nilimshika bibi mkono mpaka kwenye sebule ya misheni, mimi mwenyewe mgongo ukiniuma kwa kumwinua na kumlaza kila siku. Palikuwa na makochi yaliyovalishwa vitambaa, chupa ya chai na kinasa sauti mezani. Bi Shikamoo akatoa shikamoo yake, safari hii kwa mtu anayestahili. Bibi akaeleza ukuta ulivyojengwa, nani alichota maji, na jinsi mmisionari wa kwanza alivyokuwa akiogopa kuku. Mjomba akamfuata nyuma kwa sauti yake ya kazini: mimi nilibeba mawe, mimi nilicheka. Lugha ya wamisionari niliisoma shuleni, kwa hiyo nilimwelewa.

"Na mwanao alifikaje misheni?" Bi Shikamoo aliuliza.

Mjomba alilitafsiri swali hilo akiangalia zulia. Bibi hakumtazama. Alimkazia macho mgeni.

"Mwambie nilimleta mwenyewe."

"Mimi nilimleta mwenyewe," mjomba akasema.

"Njaa haikuwepo. Baba yao alikuwa amekufa, na huyu alikuwa mtoto wa kulia usiku kucha. Nikamwacha hapo getini, nikarudi nyumbani, nikalala mpaka jua likazama. Nilipoamka nikaona haya kumrudia. Hakuna jingine. Nilichoka."

Mjomba aliyasema yote, hakuruka hata neno. Alipofika mwisho, sauti ilimkatika.

"Mimi nilichoka."

Bi Shikamoo akazima kinasa sauti haraka. "Pole sana," akamwambia kwa lugha yake. "Tumekutumikisha mno. Pumzika kidogo." Akammiminia chai, akatoka kwenda kutafuta sukari. Alidhani ni mjomba aliyechoka. Nilifungua kinywa nimsahihishe, kisha nikaona sina cha kusahihisha.

"Mbona amezima?" bibi aliuliza. "Sijamaliza."

"Malizia tu, mama."

Bibi alimgeukia, kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Nilikuambia unisubiri pale getini. Ulisubiri?"

"Nilisubiri."

"Mpaka lini, mwanangu?"

Mjomba alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Bado nipo, mama," akasema.