Kilichomshika Majini

Miaka ile ya wakimbizi kazi yangu ilikuwa kuchungulia mawe. Cheka tu, wengi walicheka. Ufukweni, ukitoka Ujiji kidogo, kulikuwa na banda la samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi rangi wanaosafirishwa Ulaya wakakae ndani ya vioo sebuleni kwa watu. Wazamiaji waliwaleta pamoja na mawe yao, na kila jiwe lilikuja na abiria wake: konokono, kaa wadogo kama kucha, sifongo la kijani, uduvi ambao huwaoni mpaka utulie. Bosi alitaka kila asichokijua kitupwe. Mimi nilibishana naye kutwa nzima. "Huyu hana madhara, bosi, anakula uchafu tu, muache!" Nina mdomo, sikatai.

Nikapewa msaidizi, binti wa Kirundi aliyekuwa anakaa kwa shangazi yake Katubuka. Alikuwa amevuka ziwa na mdogo wake wa kike. Mtumbwi ulipinduka nchi kavu ikiwa inaonekana kabisa, wakawa wanajikokota majini wameshikana mikono. Halafu kitu kikamgusa mkono ule ule, kitu laini, tena vingi, vikamzunguka vidole. Akashtuka, akaachia. Mdogo wake hakuonekana tena. Haya yote alinieleza siku ya kwanza huku anasugua kioo, kwa sauti ya mtu anayekutajia bei ya mihogo.

"Nataka nikijue," akasema. "Kilichonishika."

Basi ikawa kila jiwe likishushwa, yeye yupo. Ananyoosha kidole: "Dada, ndicho hiki?" Namwambia hapana, hilo ni sifongo, halina hata mdomo. "Na hiki?" Hapana, huyo kaa, angekufinya ungejua. Wakati mwingine nilichoka nikamfokea, maana mjini kwenyewe watu walikuwa na yao. Akina mama wa Gungu walikuwa wameacha kununua dagaa, wanasema ziwa limekula watu. Kila asubuhi kulikuwa na nguo mchangani, na kandambili za mguu mmoja. Hakuna aliyeziokota. Yeye hakununa nikimfokea. Alisubiri jiwe linalofuata.

Siku moja pampu ya ufukweni iliharibika. Vijana wakachukua mapipa, wakaenda kuteka maji mbali na nchi, kwenye kina, jambo ambalo hatukuwa tukilifanya. Wakajaza tangi kubwa, wakaenda kula, nami nikaenda. Niliporudi mchana umeme ulikuwa umekatika na banda limenyamaza kabisa, ule mlio wa mashine za hewa haupo. Binti amesimama mbele ya tangi. Ndani hakukuwa na samaki hata mmoja, lakini maji yalikuwa yanapumua.

Vilikuwa viduara, vyeupe kama maji ya mchele, ukubwa wa shilingi. Vinafumba, vinafumbua. Vinafumba, vinafumbua. Mamia, na vyote vimesogea upande mmoja wa kioo, upande aliosimama yeye. Nimejiambia mara nyingi kwamba vilifuata mwanga wa dirisha. Dirisha lilikuwa upande wa pili.

"Ndicho," akasema. Safari hii hakuniuliza.

Nami, mjinga mimi, nilifurahi! Jibu hilo hapo, tena la vitu ninavyovijua, konyeza wa ziwani, wale wa ute ute, wavuvi wanakutana nao kila siku kwenye nyavu. Kazini tulikuwa na kipimo chetu kimoja: kiumbe usiyemwamini unampima kwa ndani ya kiwiko cha mkono, pale mama anapopimia uji wa mtoto. Nikakunja mkono wa gauni, nikauzamisha. Vikapita juu ya ngozi, baridi, laini, basi.

"Umeona? Hawa hawana madhara, mdogo wangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hata wakiwa wengi?"

"Hata wakikujaa mwili mzima. Watakupitia tu, uende zako."

Ndipo nikasikia nilichokisema: kwamba aliuachia mkono wa mdogo wake bure. Nikaanza kubabaika, eti labda wale wa upande wa Burundi ni wengine, labda usiku wanakuwa wakali, nani anajua mambo ya ziwa. Niliona aibu kwa uongo wangu na bado nikauendeleza. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anakunja mkono wa blauzi, taratibu, mpaka begani, kisha akauingiza wote tangini, shavu limegusa kioo.

Vikaja. Vikamzunguka vidole mpaka havikuonekana.

"Toa mkono," nikamwambia. "Yoo, mwanangu, toa mkono twende tukanywe chai." Nikamvuta kanga. Alikuwa mzito kama aliyepandwa pale.

"Subiri kidogo, dada," akasema, bila kunitazama. "Watauma tu."