Moja Tisa Ubaoni

Juzi niliikuta kanuni ile ya kugawanya kwa tisa kwenye kitabu cha hesabu cha binti yangu, na hasira zikanipanda upya.

Nilipokuwa mtoto, mwalimu wetu katika shule ya kando ya soko la Kalerwe aliandika 111,111,111 ubaoni. "Inagawanyika kwa tisa?"

"Ndiyo, mwalimu," nikasema papo hapo. Mama alinifundisha akipanga nyanya zake sokoni: jumlisha tarakimu, ukipata tisa, inagawanyika.

"Njia iko wapi? Umeibia! Piga magoti!"

Harufu ya kabichi zilizooza iliingia dirishani. Akagawanya mwenyewe, polepole, chaki ikikwaruza, hadi akapata 12,345,679 bila baki. Akakohoa, akafuta ubao wote. Hakuniambia niinuke.

Nikaomba msamaha. Mjinga mimi, nilidhani anafuta kosa langu. Kumbe alikuwa anafuta jibu langu.