Mukebe wa Tatu Uliliwa

Hadithi hii alinipa mama mdogo Concilie mwaka wa sitini na mbili, tukichambua maharagi. Aliapa ni kweli. Aliapa mara mbili.

Gloriose alikula ushahidi wa serikali.

Ndiyo. Aliula!

Ilikuwa Uvira, mwaka wa hamsini na nne. Mapipa ya petroli ya taa yalivuja kwenye depo moja pale Rugenge, mvua ikaiteremsha mpaka mashambani. Agronomu, yule bwana shamba wa serikali, muzungu wa miwani, akatangaza: shamba lenye petroli, mihogo na mimea yake yote itang'olewa.

Gloriose, mume wake Révérien na mtoto wao Eugène hawakuwa na chakula kingine.

Na Révérien ndiye aliyemchotea huyo muzungu udongo wa kupima. Mashamba matano, mikebe mitano. Wa tatu ulikuwa wa kwao. Akaiweka nyumbani, akaenda kuoga ziwani.

Kurudi, mukebe wa tatu mtupu.

"Gloriose! Udongo iko wapi?"

"Usinikaripie, Baba Eugène. Miye niko na mimba ya miezi saba, udongo unaniita. Nilionja mikebe yote. Wa kwanza na wa nne nilitema, puh, petroli! Wa kwetu nikamaliza."

Révérien akajaza mukebe mbio mbio, udongo wa pale pale mlangoni.

Alisahau kwamba mlangoni ndipo wanapojazia taa.

Asubuhi agronomu akatia maji moto, akatikisa. Mukebe wa tatu ukaelea mafuta kama mchuzi wa Noeli.

"Ng'oeni!"

Gloriose akasimama, tumbo mbele.

"Bwana, ule umetoka mlangoni kwetu. Udongo wa shamba uko humu." Akajigonga tumbo.

Muzungu akacheka mpaka miwani ikaanguka. Akamfunga macho, akamletea udongo mpya wa mashamba yote, na mukebe wa sita wa kumtega.

Gloriose akagusisha ulimi.

"Mubaya. Muzuri. Muzuri. Mubaya. Muzuri. Aka! Huu wa sita ndio mubaya kabisa. Ni wa mukosefu gani?"

Agronomu akatia maji moto tena.

Maji moto yakasema vile vile, mukebe kwa mukebe.

Révérien akakohoa. "Wa sita ni wa bustani ya bwana. Pale boyi wake anaposafishia taa."

Mihogo ya Gloriose ikabaki. Maua ya muzungu yakang'olewa. Révérien ndiye aliyemkumbusha sheria, kofia mkononi.

Wajukuu zangu, pimeni kwa chombo, lakini muulizeni kwanza anayekula.

Jioni Gloriose alishiba mihogo, akalala.

Révérien akafunga mikebe yote kwa kamba, kamba akaifunga mguuni mwake, ndipo naye akapata usingizi.